Re: Wairaki wote walifurahi Saddam aliponyongwa?

Ndugu, umeuliza kama Wairaki wote walishangilia Saddam Hussein, rais wa zamani wa Iraq, aliponyongwa, jibu ni hapana, inategemea ulikuwa unamuuliza nani. Sadr City kule Baghdad Washia walitoka barabarani kucheza na mi siwalaumu hata kidogo, maana kesi iliyompeleka kitanzini ni ya mji wa Dujail, Washia 148 waliouawa baada ya watu kujaribu kumuua yeye huko mwaka 1982. Ila Tikrit, mji wa eneo alikotoka, na Awja kijijini kwao alikozikwa, watu walilia kweli kweli, kwao alikuwa shujaa.

Wakurdi ndo wananiuma zaidi. Walikuwa na kila sababu ya kumchukia lakini wengi walitaka kwanza kesi ya Anfal, ile kampeni ya utawala wake ya kuwaua Wakurdi miaka ya 80, iishe, ilikuwa bado inaendelea, jamaa akanyongwa tarehe 30 Desemba 2006 na mashtaka yake kwenye ile kesi yakafutwa, yaani mtu aliyepoteza ukoo mzima hakuwahi kumsikia hakimu akimtia Saddam hatiani kwa hilo. Na Halabja je, mji wa Wakurdi uliopigwa ile gesi ya sumu ya 1988?

Halafu siku yenyewe sasa, Wasunni ndo walikuwa wanaanza Idi ya kuchinja! Ikavuja video ya simu, watu wanamzomea na kumtajia jina la Muqtada al-Sadr, kiongozi wa dini wa Kishia, kitanzi kikiwa shingoni, hapo hata baadhi ya wasiompenda wakaona amedhalilishwa. Serikali ya Maliki, waziri mkuu wa wakati huo, iliharakisha mno, mi naona wangesubiri hukumu ya Anfal.