Jibu: Hesabu ya kaboni ya paini za Mufindi kurudishwa na mchumi

Kamwene mkuu. Kama nimekuelewa, umekokotoa hewa ukaa inayofyonzwa na paini za wanakijiji, mchumi wa mradi akakurudishia akisema "haina msingi". Mimi niliwahi kurudishiwa mara mbili.

Anza na uzito: umetumia mti mbichi au mkavu? Mimi nilipima magogo mabichi, maji yote nikayaita kaboni! Tumia mkavu, zidisha kwa 0.47 upate kaboni, kisha 3.67 upate hewa ukaa. Tani 100 za miti mikavu ni kama tani 172 za hewa ukaa.

Ila nahisi kilichokukwamisha ni kingine. "Msingi" anaoutaka ni hali ambayo ingekuwepo bila mradi. Lengo la Tanzania la 2021 lenyewe limeandikwa hivyo: kupunguza gesijoto asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na kuendelea kama kawaida. Sasa Mufindi nani asiyepanda paini? Watu wanataka mbao, na mradi usipokuja watapanda tu. Mimi nilichukua kijiji jirani kisicho na mradi, nikahesabu ekari zilizopandwa kwa miaka ileile, nikazitoa kwenye zetu. Namba ilishuka vibaya, lakini ikapita. Usisahau pia kuonyesha mwaka wa kuvuna, maana matawi yakichomwa shambani kaboni inarudi hewani.

Kama mnataka kuuza hiyo kaboni, kanuni za biashara ya kaboni ni za 2022. Waone kituo cha kaboni pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, kabla kijiji hakijasaini chochote. Upande wa bei sijawahi kuugusa.