Wakikwambia pamefungwa, nenda mpaka getini

SWALI: Dada shikamoo. Mwezi ujao naenda Bangkok kufata mzigo wa nguo pale Pratunam, ntabakiwa na siku moja na nataka nikaone yale mahekalu ya zamani. Sasa shoga angu alienda akaambiwa pamefungwa, akapakiwa kwenye bajaji, akaishia kununua pete ya yakuti ambayo sonara wa huku kasema haifiki hata robo ya hela aliyotoa. Nifanyeje nisiingizwe mjini na mimi? – Msomaji, Kariakoo

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pole kwa shoga ako, huo utapeli ni wa miaka mingi na umewanasa watu wajanja kabisa. Unakuwa umekaribia geti la Grand Palace, ile ikulu ya zamani ya wafalme, anakuja mtu nadhifu, mpole, anakuuliza umetoka nchi gani, kisha anakwambia leo sikukuu ya Wabudha, pamefungwa mpaka saa saba mchana. Anatoa ramani anakuzungushia kalamu hekalu lingine, na hapo hapo tuk-tuk, yaani bajaji zao, imeshasimama, eti baht 20 tu, baht ndo hela yao, kuzunguka kutwa. Hiyo hela haimlipi dereva, anayemlipa ni mwenye duka, anapewa kuponi za mafuta kwa kukufikisha na kamisheni ukinunua. Huko kwenye hekalu dogo unakuta mtu mwingine kakaa zake, anakupigia stori kwamba kuna duka la vito la serikali, leo ndo mwisho wa kuuza bila kodi, ukiuza kwenu hela inarudi mara mbili. Hapo ndo mfanyabiashara kama wewe unapoguswa maana umesikia faida, na hakuna duka la serikali la namna hiyo mdogo wangu, hakuna kabisa.

Kwaiyo ukiambiwa pamefungwa usibishane, sema asante endelea mpaka dirisha la tiketi uulize mwenyewe. Panafunguliwa kila siku saa 2:30 asubuhi mpaka saa 9:30 alasiri, tiketi baht 500, na siku chache wanazofunga kwa shughuli za kifalme zinatangazwa kwenye tovuti yao. Ukipewa mahindi ya kulisha njiwa pale nje usipokee, utadaiwa.

Panda MRT, treni yao ya chini ya ardhi, ushuke stesheni ya Sanam Chai, hutohitaji bajaji ya mtu, unatembea kidogo tu unafika hekalu la Wat Pho. Hapo usikimbilie kupiga picha ya uso wa sanamu ya Buddha aliyelala ukaondoka, ina urefu wa mita 46, zunguka mpaka miguuni uangalie nyayo, zimenakshiwa alama 108 kwa magamba ya chaza yanayong'aa, kwa nyuma kuna vibakuli 108 vya shaba watu wanapita wanadondosha sarafu kimoja kimoja, ukumbi mzima unalia. Mi napapenda kuliko hata ikulu. Ukitoka, kivuko cha Tha Tien kinakuvusha mto mpaka hekalu lingine, Wat Arun, kwa hela ndogo sana.

Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, dera linatosha ila beba na mtandio, viatu unavua ndani, na usimguse mtawa. Ukibanwa na mtu piga 1155, ni polisi wa watalii na Kiingereza wanaongea.