Namoratunga: nilienda, na simu yangu ilichanganyikiwa

Mkuu, umeuliza kama mawe ya Namoratunga kule Turkana, kaskazini mwa Kenya, yanafaa safari, na kama kweli ni kalenda ya nyota. Nilifika mwaka jana, mwezi wa pili.

Kwanza shusha matarajio. Dereva wa probox aliyetutoa Lodwar kwenda Kalokol aliyapita bila habari, ikabidi tumpigie kelele arudi nyuma. Ni nguzo 19 za mawe ya volkano, zimeinama huku na huku, nyingi hazinifiki kifuani. Ukienda na picha ya Stonehenge, yale mawe makubwa ya kale ya Uingereza, kichwani utadhani umetapeliwa.

Mzee mmoja mchunga mbuzi alitusimulia kwamba watu walikuwa wanacheza ngoma, akatokea mgeni wa ajabu, wakamcheka, wakageuka mawe palepale. Jina lenyewe kwa Kiturkana ni watu wa mawe. Juu ya nguzo kuna vijiwe vilivyoachwa na wapitaji. Mimi niliongeza changu. Mwenzangu, mlokole, alikataa katakata.

Sasa kalenda. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins waliandika kwamba nguzo zinaelekea zinakochomoza nyota ambazo Waborana, wafugaji wa Kenya na Ethiopia, huhesabia miezi, kundi la nyota la Kilimia likiwemo (naam, Kilimia hiihii ya wakulima wa pwani). Wakakadiria ni za mwaka 300 KK hivi. Mwaka 1982 mtafiti mwingine, Soper, akasema ngoja kwanza: mawe haya yana usumaku, kwa hiyo vipimo vya dira haviaminiki. Hapo ndipo nilipotoa simu. Nikaisogeza karibu na nguzo moja, kaskazini ikahama. Nguzo ya pili, ikaenda kwingine kabisa. Nilicheka peke yangu, kisha nikakumbuka kilichowapata waliocheka pale.

Waliokuja baadaye wamepima tena na ubishi haujaisha, ila umri umesogezwa nyuma hadi miaka 5,000 hivi, na hapo hoja ya Waborana inaniwia ngumu kumeza. Kwangu mimi uzito uko kwa waliojenga. Lothagam, eneo jingine la nguzo za namna hii kando ya Ziwa Turkana, utafiti uliotoka 2018 ulionyesha wamezikwa watu wasiopungua 580, wake kwa waume na watoto wachanga, wengi na shanga zao, bila dalili kwamba kulikuwa na wakubwa na wadogo. Walikuwa wafugaji wa mwanzo wa pande zile, mvua zikipungua na ziwa likirudi nyuma. Ukilijua hilo, hata zile nguzo fupi za Kalokol utazitazama kwa jicho jingine.

Nenda alfajiri, kivuli hakuna. Maji beba ya kutosha, na elewana na dereva akusubiri. Wetu alituacha, tukakaa barabarani saa mbili nzima mpaka likapita gari la samaki wakavu. Begi langu linanuka hadi leo.