Panga kurudi kabla hujaanza kutembea

Dada yangu ndiye aliyeona kwanza. Tulikuwa tumekaa juu ya jiwe tukipumzisha miguu, akageuka nyuma akaniuliza, "Kaka, nyayo zetu ziko wapi?" Saa mbili kabla ya hapo tulikuwa tumeizunguka rasi ile kwa miguu, tukipita kwenye mchanga mgumu, mpana kama uwanja. Sasa pale tulipopita palikuwa na maji ya kiunoni, na kila wimbi lililoingia liligonga ukuta wa mwamba. Hapakuwa na upepo wala dhoruba. Bahari ilikuwa shwari kabisa, na ule utulivu ndio uliotufanya tusishtuke mapema. Tulipanda mahali pa juu palipokuwa pakavu, tukakaa hapo hadi maji yalipokupwa tena, karibu na saa sita usiku. Tulirudi gizani kwa mwanga wa simu moja.

Nimetembea sana tangu siku ile, ufukweni na vilimani, na bado napenda matembezi ya siku moja kuliko safari nyingine yoyote. Unaondoka asubuhi, unalala kwako, na katikati umeona mengi. Lakini sasa kila safari naipanga kuanzia mwisho: nitapitia wapi kurudi, na njia hiyo itakuwa wazi hadi saa ngapi?

Kwa anayetembea ufukweni, mwenye saa ni bahari. Katika pwani nyingi za dunia maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa tena hupita takriban saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo nyakati za maji husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Njia uliyoipita salama saa nane mchana Jumamosi hii, Jumamosi ijayo saa ile ile inaweza kuwa chini ya maji. Usitegemee kumbukumbu. Tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa la sehemu unayokwenda, la tarehe hiyo hiyo.

Tazama na mwezi pia. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na siku moja au mbili zinazofuata, ni za bamvua: maji hupwa sana hadi miamba ya chini ionekane, kisha hujaa sana. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Bamvua ndiyo inayofungua njia nzuri kuliko zote, madimbwi ya miambani yenye kaa na samaki wadogo, na mapango ambayo siku nyingine huwezi kuyafikia. Na bamvua hiyo hiyo ndiyo inayoifunga njia kwa nguvu zaidi.

Kuna jambo ambalo laiti ningelijua mapema: maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa kujaa kwa maji katika sehemu 12. Saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Maana yake, nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati. Mahali ambapo tofauti kati ya kupwa na kujaa ni mita 4, saa ya kwanza huongeza kama sentimita 33 tu, nawe unaona bado una nafasi. Saa ya tatu peke yake huleta mita nzima. Hesabu hii ni ya kukadiria, na umbo la ghuba linaweza kuibadilisha, lakini imetosha kunifundisha kuanza matembezi maji yakiwa bado yanakupwa na kuzivuka rasi zote kabla hayajageuka.

Ukisahau jedwali, soma mwamba wenyewe. Mstari wa mwani mkavu, vijiti na magamba juu ya mchanga unaonyesha maji ya mwisho yalifika wapi. Kama mstari huo haupo, na mchanga umelowa hadi kwenye mguu wa mwamba, jua kwamba hapo maji yakijaa hapabaki pa kusimama. Mwamba ukiwa mweusi wenye utelezi na chaza waliogandama hadi juu ya kichwa chako, ni habari ile ile.

Juu ya majabali, kaa mbali na ukingo. Mara nyingi nyasi za ukingoni huwa zimesimama juu ya udongo uliokwisha kuliwa kwa chini, na ukiwa juu huwezi kuliona hilo. Baada ya mvua kubwa, usipumzike chini ya jabali pia.

Ukienda bara, mwenye saa ni jua. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ninayoitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Matembezi ya kilomita 15 yenye mita 600 za kupanda ni saa 4 bila kusimama. Mimi huongeza nusu yake, kwa sababu sikutoka nyumbani kwenda kushindana. Nataka kukaa chini ya mti na kuangalia bonde. Kisha naweka saa ya kugeuka, na ikifika nageuka, hata kama kilele kinaonekana.

Kwa ajili ya mandhari, toka mapema sana. Jua likiwa chini huangaza kwa ubavu, kila tuta na kila bonde linapata kivuli chake, vilima vinasimama. Saa sita mchana nchi ile ile huonekana bapa. Ukiweza, panga mzunguko wako ili asubuhi jua likupige mgongoni. Pwani nako, mchana ukiwa na jua kali, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huanza kuvuma kutoka baharini. Sehemu ya wazi kabisa ipite kabla ya hapo.

Mashambani, pita kando ya mazao, na lango uliache kama ulivyolikuta. Ng'ombe mwenye ndama mzungukie kwa mbali, hata ikikubidi kutoka njiani. Kisigino kikianza kuwaka, simama hapo hapo ukifunge, usingoje lengelenge. Na mtu mmoja nyumbani ajue njia yako na saa utakayorudi. Usiku ule hakuna aliyejua tulipo.

Mwaka uliofuata tulirudi kwenye rasi ile, jedwali mkononi, tukafika maji yakiwa bado yanakupwa. Mchanga ulikuwa mpana vile vile, kimya, umejaa alama za miguu ya ndege. Dada alisimama akaegemea ukuta wa mwamba pale tulipopita mara ya kwanza, akatafuta kwa macho mahali weusi wa maji unapoishia. Akanyoosha mkono juu, akasimama kwa ncha za vidole vya miguu. Hakuufikia.