Kipulizio cha babu: tukisugue au tununue kingine?

Tangu nilipogusia vipulizio vya zamani simu yangu haipumziki. Naona kila nyumba ya pili Ngamiani ina saksafoni ya marehemu fulani chini ya kitanda. Si ajabu. Tanga hii ni mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na vyombo vya enzi zile havikuyeyuka. Kwa msomaji mgeni: kipulizio ni kile kipande cha mbele ambacho mpigaji anakitia mdomoni, na ridi ni ule ulimi wa tete unaofungwa chini yake kwa kibanio.

Shikamoo fundi. Babu mzaa mama ameniachia saksafoni ya tenor pamoja na kipulizio cheusi kilichoandikwa Otto Link. Sauti yake tamu lakini ndogo, kama inatoka chumba cha pili. Kuna mtu anasema akikipanua mbele kitavuma. Nimpe? – Kijana wa Barabara ya 8, Ngamiani

Marahaba, mjukuu wangu. Usimpe. Angalau si wiki hii.

Tazama ubavuni, kuna namba, pengine na nyota. Namba hiyo inakueleza nafasi iliyopo kati ya ncha ya kipulizio na ncha ya ridi. Kwa vipulizio vya tenor vya kampuni ya Otto Link, 5 yenye nyota ni inchi 0.085, na 7 ni inchi 0.100, yaani kama milimita mbili na nusu. Tofauti ya hizo mbili ni unene wa karatasi nne za daftari, lakini mdomoni ni kama kuhama nyumba. Wazee wa miaka ya 1930 na 1940 walipiga sana vipulizio vya nafasi nyembamba, na wakajaza ukumbi. Wewe unafunga ridi namba ngapi, maana namba ya ridi ni ugumu wake? Nabahatisha 2, kwa sababu ndiyo rahisi kwa mwanafunzi. Ridi laini kwenye nafasi nyembamba ukiikaza pumzi inajifunga yenyewe, na sauti inabanwa hapo hapo. Tafuta 3, hata 3 na nusu, upige wiki mbili ndipo uhukumu.

Halafu pima kama hewa inavuja. Lowesha ridi, ifunge, ziba tundu la nyuma kwa kiganja, fyonza kwa nguvu kisha kitoe mdomoni. Ridi inatakiwa inate kidogo, halafu iachie kwa mlio kama wa kizibo cha chupa. Isiponata kabisa, ama ridi imepinda, ama ile sehemu bapa inapolala ridi, ambayo sisi tunaiita meza, imekwenda kombo kwa miaka ya kubanwa. Meza iliyopinda kuinyoosha ni kutengeneza, na hilo sina ugomvi nalo. Kupanua ncha ni kubadili. Msikubali mtu awachanganyie hayo mawili.

Na kupanua si kukwangua nchani tu, kama huyo bwana anavyokuaminisha. Kutoka mezani hadi nchani kuna mteremko, na ukitaka nafasi zaidi lazima mteremko wote ukatwe upya. Ukishaukata, ukingo wa ncha unanenepa, na lile paa la ndani, yaani dari inayotazamana na ridi, linabaki limeukaribia mno mteremko mpya, basi nalo litake kuchongwa. Mwisho wa safari unabaki na kitu cha tatu: si cha babu, wala si kile ulichokuwa unakitamani. Zaidi ya hayo, Otto Link ya zamani ambayo haijaguswa, wakusanyaji wa nje wanailipia mamia ya dola. Hiyo ya kwako usiuze, lakini ujue umeshika nini.

Ukishajaribu yote hayo na bado moyo haujatulia, nunua kipya chenye nafasi unayoitaka, cha babu kiweke kwenye kitambaa. Na ukishindwa kabisa kujizuia, muulize fundi swali moja: utaniandikia vipimo vya kabla na vya baada? Akicheka, chukua mali yako.

Mzee, nimekiosha kipulizio kwa maji ya moto kikageuka rangi ya kijani kama matope, na kinanuka kiberiti. Kimeharibika? – Bombo

Hakijafa. Hivyo vyeusi vya zamani ni eboniti, yaani mpira uliopikwa na salfa mpaka ukawa mgumu kama pembe. Joto na jua huileta salfa juu, ndipo rangi na harufu. Hata wewe ungenuka. Maji ya bomba yasiyo ya moto, sabuni kidogo, kitambaa laini, basi. Ule ukoko mweupe wa mate uondoe kwa siki kidogo juu ya pamba. Rangi iache kama ilivyo. Ukiisugua ing'ae unakula kingo. Na msiviache mbele ya kioo cha gari mchana.

Mjomba, sisi ni matarumbeta ya harusi. Napiga saksafoni ya alto juu ya gari, nyuma yangu ngoma, kushoto tarumbeta mbili. Sisikiki mpaka watu wanadhani napiga picha tu! Kipulizio changu ni cha zamani, tundu la ndani kubwa. Nikichonge au ninunue cha chuma? – Mabokweni

Nunua, mpwa wangu, na hapa sina kigugumizi. Kipulizio chenye chumba kikubwa cha duara ndani kilitengenezwa kiwe na sauti nene, ya kuchanganyika na wenzake. Wewe unataka sauti ya kukata upepo wa barabara ya Horohoro. Hiyo inatokana na paa la ndani lililoinuka karibu na ridi, linalobana njia ya hewa ili iende mbio. Huwezi kuinua paa kwa kuchonga, kuchonga kunapunguza. Wapo wanaojaza gundi ngumu ya epoksi, na inafanya kazi mikononi mwa anayejua, lakini mimi sitaki kusikia umemeza gundi katikati ya harusi ya watu.

Cha chuma au cha plastiki, usihangaike. Umbo la ndani ndilo linalosema. Chuma kina faida ya kuwa chembamba mdomoni, basi.

Ila kuna mtego. Chumba cha kipulizio kinachukua nafasi ya ncha iliyokatwa: saksafoni ni bomba lenye umbo la pia (koni) lisilo na ncha yake. Saksafoni za kale zilipimwa kwa vyumba vikubwa. Ukiweka chumba kidogo itakubidi ukivute nje ili upatane na wenzako, na ukishakivuta, noti za chini na za juu zinaanza kugombana. Kwa hiyo usinunue bila kujaribu kwenye saksafoni yako mwenyewe. Piga noti ya katikati, piga oktava yake (noti ileile ya juu), msikilizishe mtu mwenye sikio. Zikipishana sana, kirudishe hata kama kinapiga kelele ya meli.

Kipulizio kina alama za meno juu na kimebanduka kipande nchani. – Mwalimu wa kwaya, Chumbageni

Mwalimu, meno ni jambo dogo: bandika kile kiraka cha mpira kinachouzwa kwa kazi hiyo. Ncha iliyobanduka ndiyo ugonjwa, maana ridi haizibi tena na itapiga filimbi pasipotakiwa. Kuziba hapo kwa gundi mara nyingi hakudumu. Dawa ni kufupisha ncha na kukata mteremko mpya. Hapa ndipo ninapobariki msasa: kitu kilichokwisha kuvunjika hakina uasili wa kulindwa. Lakini kama ni kile cha plastiki kilichokuja na saksafoni mpya, tupa. Kipulizio cha Yamaha 4C kitakugharimu kidogo kuliko kazi ya fundi na kitakupigia vizuri.

Mimi nasoma sanaa Bagamoyo. Nataka kujifunza kazi hii mwenyewe. Nianzie wapi? – Mwanafunzi

Anzia kwenye vya plastiki vya bei poa, vitano au sita, ambavyo uko tayari kuvizika. Kipande cha kioo kinene kilichonyooka, msasa wa maji namba 400, kisha 600 na kuendelea, na fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi ambavyo mafundi magari wanapimia tapeti za injini. Kipulizio kilaze juu ya kioo, penyeza fila moja baada ya nyingine, andika kila moja inafika wapi kushoto na kulia. Pande mbili zisipolingana, ridi haitakaa. Wiki ya kwanza usisugue chochote, pima tu. Ukianza kusugua, sugua kwenye maji, vumbi lake si la kuvuta.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi nilianza kinyume. Marehemu mjomba wangu aliniazima kipulizio chake cha alto nikapige Iddi. Nikaona kinabana, nikakilaza juu ya msasa wa seremala kwenye sakafu ya baraza. Sakafu! Dakika kumi tu. Siku ya Iddi kilitoa mlio wa bata. Mjomba alikigeuza mkononi, akakitazama kwa jua, akaniuliza chai imebaki? Hakunitajia tena mpaka anakufa. Kipo kwenye droo yangu, na kila nikipima kwa fila, upande wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia.

Kipulizio kipya hakiingii shingoni mwa saksafoni, kinabana. Nichimbe tundu lake? – Pangani

Hapana. Punguza koki ya shingoni (lile gome laini kama la kizibo cha chupa linalozunguka shingo) kwa msasa laini kidogo kidogo, pakaa mafuta ya koki, jaribu, rudia. Koki inabadilishwa hata kesho.