Mbwa anayesumbua mkahawani wikendi

Mmesema mbwa wenu ni mtulivu nyumbani, lakini Jumamosi mkienda naye mkahawani anabweka na kuvuta kamba. Huo si ukaidi. Ametolewa usingizini na kupelekwa moja kwa moja kwenye kelele. Mtembezeni kwanza dakika 30 hadi 40, mkimwacha anuse atakavyo. Kunusa humtuliza kuliko kukimbizwa.

Kisha mfundisheni kutulia juu ya mkeka, na hapa ndipo kwenye kazi. Anzeni nyumbani siku kadhaa kabla: tandikeni, akilala juu yake mpeni kipande cha chakula kisichozidi punje ya harage, mkikiweka katikati ya miguu ya mbele ili asiinuke kukifuata. Ongezeni muda polepole: sekunde 5, 20, dakika 1. Mkeka huohuo ndio wa kwenda nao mjini. Chagueni meza ya pembeni, karibu na ukuta, na mara ya kwanza msikae zaidi ya dakika 15. Kamba iwe ya mita 1.5 hadi 2, mmoja wenu aikanyage. Msiifunge kwenye mguu wa kiti. Akishtuka ataondoka nacho.

Jua likiwa kali, wekeni mgongo wa mkono juu ya lami. Mkishindwa kuvumilia sekunde 7, nyayo zake zitaungua. Kwenye gari asiachwe kabisa, kufungua dirisha kidogo hakusaidii. Mabaki ya mezani pia hapana: vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake.

Jumapili mwacheni alale tu.