Kwanza ni majivu: barua kwa binti yangu muuguzi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza Jumapili baada ya ibada, nikausikiliza tena usiku. Nimeona nikujibu kwa kalamu, maana kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika ninapokwenda. Mpwa wako ataipiga picha karatasi hii akutumie. Pembe zikikatika mlaumu yeye.

Umeniuliza hivi. Kwenye kikundi chenu cha maombi mnasoma Mambo ya Walawi, na kiongozi wenu amesema kila aliyeokoka ni kuhani, ana madhabahu yake, na asiyeamka saa tisa usiku kuitunza basi moto wake umeshazimika. Wewe saa tisa usiku uko wodini. Ukitoka asubuhi unalala kama gogo. Ukasema, "Mama, mimi ni kuhani wa aina gani, hata sala ya chakula nasahau?" Halafu mwishoni, kwa sauti ya chini, ukagusia kwamba mmeambiwa mtume sadaka ya kufufua madhabahu.

Hilo la sadaka nilimalize mapema. Makuhani walikula kwenye sadaka, ni kweli, maana hawakupewa mashamba kama makabila mengine. Lakini walikuwa na fungu lao lililopangwa. Wana wa kuhani Eli ndio waliomtuma mtumishi na uma wa meno matatu, anauchoma chunguni nyama ingali inachemka, na chochote kilichopanda na uma ni chao. Soma Samweli wa Kwanza sura ya 2, uone walivyoishia. Ukiambiwa utoe hela ili moto wako uwake, tazama vizuri mkono wa mwombaji kama haujashika uma.

Tuje kwenye ukuhani wenyewe. Kwamba sote ni makuhani, hapo kiongozi wenu hajakosea. Pale Sinai, Kutoka 19, Mungu aliwaambia Israeli wote kuwa watakuwa ufalme wa makuhani, na Haruni, kuhani wao wa kwanza, alikuwa bado hajashonewa hata kanzu. Petro akalirudia neno hilo kwa Wakristo waliotawanyika. Na Martin Luther, mwaka 1520, aliandika kwamba fundi viatu, mhunzi na mkulima, kila mmoja akiwa na kazi yake, wamewekwa wakfu sawasawa na askofu. Habari ya damu Kristo aliimaliza mara moja, hatuna mbuzi wa kuchinja. Shida yangu ni picha tunayopewa. Mtu akisikia "kuhani" anaona mikono imeinuliwa, moshi unapanda, sauti inatetemeka. Fungua Walawi 6, kuanzia mstari wa 8, usome kuhani anaianzaje siku yake.

Anaanza na majivu.

Anavaa nguo ya kitani, anazoa majivu ya sadaka iliyoungua usiku kucha, anayaweka kando ya madhabahu. Kisha anavua, anavaa nguo nyingine, anayabeba hadi nje ya kambi, mahali safi. Na kila asubuhi ni yeye anayetia kuni. Moto usizimike, imeandikwa mara mbili pale pale, lakini anayeambiwa ahakikishe hauzimiki ni mtu mwenye majivu mikononi.

Mimi hili sikulielewa kanisani. Nililielewa jikoni. Nilipoanza biashara ya vitumbua wewe ulikuwa unatambaa. Saa kumi alfajiri naweka kuni, napuliza, moshi tu. Chuma hakipati moto, kitumbua kinakunywa mafuta, wateja wanaondoka kwa mwenzangu. Nikawa namtukana muuza kuni kila siku. Siku moja bibi yako alilala kwetu, akaamka, akanitazama ninavyopuliza mpaka kichwa kinazunguka. Hakusema kitu. Alichukua kipande cha bati, akaingiza katikati ya mafiga, akazoa majivu ya jana na ya juzi, ndoo nzima. Hewa ikapita. Kuni zilezile nilizozitukana zikashika.

Halafu nilipotaka kuyatupa akanizuia. Majivu ya kusugulia masufuria, majivu ya kutia shimoni chooni, majivu ya kuhifadhia mbegu. Na Sheria nayo ilitaka yapelekwe mahali safi, si jalalani, maana yalikuwa mabaki ya sadaka ya kweli. Ndivyo ilivyo jana yako, mama. Mgonjwa uliyemhangaikia usiku mzima akakata roho saa kumi na moja, yule ndugu wa mgonjwa uliyemjibu vibaya, hata zamu iliyokwenda vizuri ukasifiwa: vyote vimeungua, vilikuwa sadaka, lakini huwezi kupikia juu yake leo. Ukipanda daladala asubuhi, kabla usingizi haujakuchukua, mwambie Mungu ilivyokuwa. Kila kitu kitaje kwa jina lake, usipambe. Hiyo ni dakika tatu.

Nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia. Baba yako alipofariki niliimba kwaya miezi minane nikiwa nimezimika kabisa. Nikaongeza kuni: mkesha, kufunga, semina mbili. Wapi. Mpaka siku moja niko peke yangu, nimepiga magoti, midomo ikatamka neno moja tu: "Cherehani." Ile cherehani ambayo shangazi yako aliibeba siku ya tatu baada ya mazishi, akisema ni mali ya kaka yake. Nililia mpaka nikachoka. Cherehani haikurudi hadi leo. Lakini majivu yalikuwa yamezolewa.

Kuna jambo la kuchekesha ambalo Wayahudi wamelihifadhi katika Mishna, mkusanyo wao wa mapokeo ya sheria, sehemu inayoitwa Yoma. Wanasema hapo mwanzo hakukuwa na mpangilio wa nani azoe majivu Hekaluni, anayetaka anakwenda. Wakiwa wengi wanashindana mbio kupanda ngazi ya mteremko ya madhabahu. Siku moja wawili walikuwa wanakwenda sambamba, mmoja akamsukuma mwenzake, mguu ukavunjika. Tangu hapo ikawa ni kwa kura. Kuvunjana miguu kwa ajili ya majivu! Sisi leo tunagombania maikrofoni.

Sasa la saa tisa usiku. Neno "daima" pale Walawi 6 ni la moto. Hakuna kuhani aliyeambiwa akeshe daima. Soma Mambo ya Nyakati wa Kwanza 24: wana wa Haruni waligawanywa zamu 24, kwa kura. Zamu ya nane ilikuwa ya Abiya, na ndiyo zamu ya Zakaria, babaye Yohana Mbatizaji. Luka anasema siku za huduma yake zilipotimia akaenda zake nyumbani. Akaenda nyumbani, mwanangu! Bubu, ametoka kuonana na malaika, na bado zamu ilipokwisha alifunga safari kwenda kwa mkewe, na moto ukaendelea kwa mikono ya wengine. Wewe muuguzi, unayekabidhi ripoti kila siku kwa anayekuja, ndiwe wa kunieleza mimi jambo hili. Kanisa lina watu wanaoamka saa tisa. Wengine tunaamka saa kumi kwa sababu ya tumbo. Wengine wanaomba saa sita mchana wakiwa sokoni. Na Zaburi ya 134 ni ya hao wanaosimama usiku katika nyumba ya Bwana. Nayo ilikuwa zamu.

Ukiwa zamu yenyewe ufanye nini? Sikwambii uweke Biblia juu ya trei ya dawa. Tazama Kutoka 30: Haruni alifukiza uvumba asubuhi alipozitengeneza zile taa, na jioni alipoziwasha. Kusafisha taa na kufukiza vimefungwa pamoja. Na katika ule mchanganyiko wa uvumba kulikuwa na ubani safi, huu huu tunaoujua pwani, unaotoka Usomali na Dhofar kule Omani. Jirani yetu hapa Ngamiani anaufukiza Alhamisi jioni, akija kuazima chumvi Ijumaa asubuhi bado unausikia kwenye kanga yake. Basi unapobadilisha dripu, sala yako ipande hapo hapo, fupi, bila kufumba macho. Nafikiri ndiyo maana ya kufunga uvumba na tambi ya taa.

Na birika la shaba lililokuwa kati ya hema na madhabahu. Kuhani asiponawa mikono na miguu, anakufa. Maneno ni makali hivyo hivyo. Unajua lile birika lilitengenezwa kwa nini? Vioo vya wanawake waliohudumu mlangoni pa hema, Kutoka 38. Vioo vya siku hizo vilikuwa shaba iliyosuguliwa ikang'aa. Walitoa kitu cha kujitazamia, kikawa cha kunawia. Wewe unanawa mara ngapi kwa usiku mmoja? Mimi ningekuwa wewe ningelifikiria hilo kila ninapofungua bomba, angalau mara moja kati ya hizo arobaini.

Halafu Walawi 13, ambayo wengi mnaipita haraka kwa sababu ya vipele. Kuhani hakuwa na dawa ya kutoa. Kazi yake ilikuwa kuangalia. Anatazama ngozi, na penye shaka anamtenga mtu siku saba, anatazama tena, hapo hana haki ya kukata neno kwa kuchungulia mara moja. Na mgonjwa akipona, soma sura ya 14, kuhani ndiye anayetoka kambini kumfuata huko nje. Ndipo anampaka damu kwenye ncha ya sikio la kuume, kidole gumba cha mkono na kidole kikubwa cha mguu. Sasa rudi nyuma sura ya 8 uone Haruni na wanawe walivyowekwa wakfu. Sikio, gumba la mkono, gumba la mguu. Alama zilezile! Aliyekuwa anapiga kelele "mimi ni najisi" anarudishwa nyumbani akiwa amepakwa kama kuhani. Nilipoliona hilo nilifunga Biblia nikakaa kimya.

Lakini nisikudanganye kwamba kila kitu kinaingiliana. Kuhani alikatazwa kugusa maiti, isipokuwa ya ndugu wa karibu, na kuhani mkuu hata ya mama yake. Wewe usiku mwingine unawafumba macho watu wawili, watatu, na kuwafunga kidevu, ambao si wa kwenu. Hapo wewe na Haruni mnaachana njia, na unamfuata Yesu, yule aliyemgusa mwenye ukoma. Wapo wanaomtetea yule kuhani wa barabara ya Yeriko katika mfano wa Msamaria Mwema, wanasema alimpita majeruhi akiogopa unajisi, asije akashindwa kuhudumu. Luka anasema alikuwa anashuka. Kutoka Yerusalemu, penye Hekalu, unashuka kwenda Yeriko. Zamu alikuwa ameiacha nyuma, huyo.

Nimebakisha lile la kusahau. Umesema unasahau kuomba, unasahau watu uliowaahidi. Kuhani mkuu alikuwa na mawe mawili ya shohamu mabegani, majina sita huku na sita huku. Kifuani mawe 12, safu nne za matatu matatu, kila jiwe na jina la kabila. Na majina yalichongwa, kama muhuri. Akiingia amechoka, amelala vibaya, mawazo yako kwa watoto wake, Reubeni na Dani na Asheri wanaingia naye vilevile. Hakutegemea kichwa chake. Kwa hiyo na wewe tafuta pa kuchonga. Andika nyuma ya kitambulisho chako, kwa mfano, majina mawili matatu, uning'inize kifuani.

Mimi yangu yako kwenye chuma cha vitumbua. Kina mashimo saba, kila shimo nina mtu wake. Namimina namtaja, nageuza kwa kijiti namtaja tena, karai linajaa watu wamekula sala mara kumi na mbili kila mmoja bila mimi kupiga goti. Shimo la katikati, linaloiva kabla ya mengine, ni lako tangu ulipoondoka kwenda Dodoma. Lile la pembeni linaloganda, ambalo lazima nilikwangue kila asubuhi, ni la shangazi yako wa cherehani. Mwaka wa kumi na moja sasa. Siku hizi haligandi sana, labda ni chuma kimezeeka.

La saba lilikuwa la mtoto wa fundi baiskeli, amepona, toka Jumanne liko wazi. Usinitajie jina la mgonjwa, najua kazi yenu ina siri zake. Nitumie namba ya kitanda tu. Ila uitume kabla ya saa kumi, nikishaanza kumimina sishiki simu.

Ni mimi mama yako,
Ngamiani, Tanga